Jani la Okidi Ndani ya Bahasha

Ndabibi, 3 Machi 1957

Chelagat, mwana wa mwanangu,

Uko hai? Sisi tuko hai. Mama yako Cheptoo anakohoa, lakini kelele zake ziko palepale, kwa hivyo usiwe na wasiwasi. Kaka yako Kipkoech ameota ndevu tatu, na kila asubuhi anazishika kuona kama zimezaa. Ile ng'ombe yetu nyeusi yenye nyota kwenye paji imezaa ndama jike. Mvua bado.

Sasa nipumue. Barua yako Dalmas amenisomea mara tatu, hapa kwenye banda la maziwa, mpaka ndoo zikachelewa na mnyapara akatutukana. Nikamwambia, tukana polepole, wewe, mjukuu wangu anakwenda kuwa nesi!

Ngoja nirudie, nione kama nimesikia vizuri. Memsabu wako amepanda meli kwenda Ulaya mpaka mwezi wa saba. Amekuachia ua lake analolipenda kuliko mbwa wake, linaitwa okidi, linakaa ndani ya nyumba kama mgeni. Akasema akirudi akilikuta hai, atakuandikia barua kwa mkuu wa shule ya manesi, kwa sababu mtu anayeweza kutunza kiumbe kisichosema ataweza kutunza mgonjwa. Ndivyo? Basi huyo mama ana akili kuliko nilivyodhani, ukiondoa ile habari ya mbwa kulala kitandani.

Sikiliza. Kitu ukikabidhiwa, unakibariki kwanza. Hata ndama wako wa kwanza tulimbariki kabla hujashika kamba yake. Chukua maziwa, chovya nyasi mbichi, lirushie hilo ua matone kutoka juu, katikati kabisa, huku unalisemesha maneno mazuri. Fanya hivyo kila jioni mpaka mwezi mwingine uandame. Mchungaji wa kanisani akisikia atanuna, lakini Mchungaji hana ng'ombe.

Dalmas anauliza kama nimemaliza. Dalmas ni karani wa maziwa, maneno yangu hayapimwi kwa galani. Na wewe ukijibu, jibu kwa Kiswahili kama kawaida. Yeye ni Mluhya, ukiandika kwa lugha yetu atashika karatasi kama mbuzi aliyeokota gazeti.

Kula ushibe. Ni mimi nyanya yako, kogo wako,
Chepkurui


Lanet, 17 Machi 1957

Kogo wangu,

Barua yako ilinikuta napiga pasi, na nikacheka mpaka nikaunguza leso. Mimi ni mzima. Nimefurahi kusikia habari za ndama. Mwambie Kipkoech ndevu zake nazisalimu zote tatu.

Hukuuliza hilo ua likoje, lakini acha nikueleze. Lina majani sita, mazito na mapana kama masikio ya ndama, matatu upande huu na matatu upande ule. Yanapokutana katikati kuna kama mfuko mdogo. Mizizi yake ni minene, ya rangi ya majivu, na mingine inatoka nje ya chungu kama minyoo inayotafuta njia. Ndani ya chungu hakuna udongo hata kidogo, ni vipande vya magome ya mti tu. Linakaa sebuleni, dirishani, jua la asubuhi likiligusa kidogo. Memsabu alisema mwaka jana lilitoa maua kumi na moja, meupe kama vipepeo.

Nafanya kila jioni kama ulivyoniambia. Mpishi wetu, Mzee Gachanja, alinikuta na kikombe na nyasi mkononi. Alisimama hapo mlangoni na mwiko wake akasema, "Miaka ishirini napikia Wazungu, sijaona ua linalokunywa maziwa ya chai. Kesho litaomba mkate na siagi."

Namwacha acheke. Kogo, naliona linang'aa!

Mjukuu wako,
Chelagat


Lanet, 5 Aprili 1957

Kogo,

Natumaini mko salama nyote na kikohozi cha mama kimepungua. Sikungoja jibu lako, nisamehe.

Ua linaumwa. Jumatatu niliona doa moja kwenye jani la chini, dogo kama kichwa cha kiberiti. Nikadhani ni uchafu, nikapangusa. Halikutoka. Jumatano yalikuwa manne. Leo yako kwenye majani matatu, na moja limekuwa kubwa kama kidole gumba changu, jeusi-jeusi. Mzee Gachanja anasema tuyapake rangi ya kijani, Memsabu haoni vizuri bila miwani. Nilitaka kumpiga na ufagio.

Kogo, nimelia. Ile barua ya shule naiona ikienda zake. Wanachukua wasichana mwezi wa tisa, na baada ya hapo ni kungoja mwaka mzima, na mwaka mzima baba mdogo hatangoja, unajua anataka niolewe. Nifanye nini? Hakuna mtu hapa wa kumwuliza.

Chelagat


Ndabibi, 14 Aprili 1957

Chelagat,

Acha kulia. Machozi nayo ni maji, na bado hatujajua kama maji ndiyo adui.

Huku tuko wazima. Mama yako amepona, sasa anagombana bila kukohoa. Mvua imeanza, barabara ni uji, mfuko wa barua unakuja siku trekta ikipenda. Baba yako mdogo nimemwambia akileta habari ya ng'ombe za mahari mlangoni kwangu kabla ya mwezi wa tisa, nitamfungulia mbwa. Hatuna mbwa. Nitaazima.

Hiyo okidi yako mimi naijua! Dalmas aliposoma habari ya mizizi kama minyoo niliruka nikamwaga maziwa. Ndugu zake wako kule juu Eburu, tulikokuwa tukikata kuni. Wamekaa juu ya mizeituni ya mwituni, wameshika gome kwa vidole, wana maua meupe yenye mkia mrefu, na jua likizama yananukia mpaka unasahau mzigo mgongoni. Huko juu hakuna anayewalimia wala kuwapalilia. Wanakunywa ukungu, halafu upepo unawakausha. Kwa hivyo hatuanzi na giza.

Sasa fanya kama tunavyofanya ng'ombe akikataa kula. Hatumwulizi, hana mdomo. Tunamtazama, tunamgusa, tunamnusa. Hilo doa, je, ni kavu kama karatasi, limepauka, na liko upande unaotazama dirisha? Kama ndivyo, jua limelichoma, lisogeze pembeni na utulie, kovu haliui mtu. Sivyo? Haya, geuza jani utazame tumboni. Kuna vijipu vidogo kama kupe? Kwangua kwa ukucha. Vikitoka na vidole vikanata, ni wadudu, wapanguse kwa kitambaa na maji ya sabuni. Hakuna kupe? Basi bonyeza doa lenyewe, polepole, usije ukalitoboa. Likiwa laini na bichi kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na kando yake kuna duara la njano, huo ni uozo, na uozo una miguu.

Kisha weka pua. Nataka kujua linanuka nini. Nesi anayeogopa kunusa akauze vitambaa sokoni.

Na umpime huyo mgonjwa. Chukua unyasi mkavu, ulaze juu ya doa, uukate pale doa linapoishia. Kesho ulaze tena palepale. Doa likiupita unyasi, ugonjwa unatembea. Kata mwingine, weka na wa jana, uangalie anatembea mbio au anachechemea.

Halafu nikatie kipande cha hilo jani, ukifunge kwenye karatasi, unitumie. Dalmas anatikisa kichwa. Mwache atikise.

Nyanya yako anayekupenda kuliko wewe unavyojipenda,
Chepkurui


Lanet, 24 Aprili 1957

Kogo mpendwa,

Pole kwa barabara na mvua. Huku pia inanyesha, nguo hazikauki.

Nimefanya yote. Doa si kavu. Tumboni mwa jani hakuna kupe, nilikwangua kila mahali. Ni laini, Kogo, bichi kabisa, na kando yake kuna duara la njano kama ulivyosema, kana kwamba ulikuwa umesimama hapa! Unyasi wa kwanza nilikata Jumamosi. Jumapili doa lilikuwa limeupita. Jumatatu limeupita tena. Nimeanza daftari, kila siku nagandisha unyasi wake kwa ugali na kuandika tarehe kando. Mzee Gachanja alianza kwa kucheka, sasa kila asubuhi anauliza kabla hata ya kuwasha jiko, "Mgonjwa ametembea?"

Anatembea mbio. Jani moja limeanguka lenyewe.

Kipande hiki hapa, nimekifunga kwa karatasi mbili. Ukikitazama utaona mwenyewe.

Wasalimie wote nyumbani.
Chelagat


Ndabibi, 5 Mei 1957

Chelagat,

Tuko wazima, hata ndama. Nasema upesi kwa sababu trekta inaondoka.

Jani limefika. Dalmas alifungua bahasha akarusha kila kitu chini, akasema si kazi yake. Nililiokota. Nikalitazama, nikalibonyeza, nikalinusa. Halafu nilitoka nje ya banda nikasimama kidogo na ng'ombe.

Nimerudi. Ni uozo. Unaponyeka. Sikiliza vizuri.

Kuanzia leo hakuna kitu kinachomwagwa kwa hilo ua kutoka juu. Nimesema hakuna kitu. Usiniulize kitu gani.

Chukua kisu kikali, ukichome moto mpaka kikupe heshima, kipoe, ukate jani mahali penye uzima, upana wa kidole kupita doa. Usione huruma ukabakiza. Kabla ya kukata jani la pili, choma kisu tena. Ukikata wawili kwa kisu kimoja kichafu, umemgawia wa pili ugonjwa wa kwanza. Halafu kile kifuko cha katikati, ambacho ndicho moyo wake, uinamishe chungu kilichomo kitoke, ukaushe kwa ncha ya kitambaa safi. Kila kidonda ukipake unga huu niliokufungia. Ni makaa ya mti wa senetwet, yale tunayosafishia vibuyu vya maziwa. Umeyaona tangu hujaota meno, kibuyu hakiozi.

Maji mpe asubuhi, mizizini, yapite yaende zake. Usimwache akae na miguu ndani ya maji. Na ufungue dirisha! Huko Eburu kuna upepo.

Fanya leo. Fanya sasa hivi, kabla hujakunja barua hii.

Chepkurui


Lanet, 26 Mei 1957

Kogo, Kogo, Kogo!

Hamjambo? Mimi sina hata mahali pa kuanzia!

Nilikata. Mzee Gachanja alishika chungu huku amefumba macho, anaomba kwa Kikuyu, na kila nikikata anasema "Ũũi!" kana kwamba namkata yeye. Yamebaki majani mawili tu. Nilikausha moyo wake, nikapaka makaa. Lilionekana kama mtoto aliyecheza jikoni.

Siku ya kwanza sikuthubutu kulaza unyasi. Siku ya pili nilikuta doa dogo kwenye moja ya yale mawili, nikalipima. Siku ya tatu nikapima. Halijasogea! Siku ya nne, palepale. Leo ni siku ya kumi, Kogo, nina nyasi tisa mpya kwenye daftari na zote zinalingana kama meno ya kitana! Mzee Gachanja alikimbia kuwaambia hata walinzi wa kambi ya askari kule barabarani, nao hawakuelewa alikuwa anasema nini, lakini walimpigia makofi.

Kuna jambo moja. Memsabu ataona majani mawili mahali palipokuwa na sita. Atauliza. Mzee Gachanja anasema tuseme ni baridi, mwezi huu kumekuwa na baridi kali, hakuna atakayebisha. Mimi naona ni sawa. Nitasema ni baridi. Ni afadhali hivyo kwa kila mtu.

Wako,
Chelagat


Ndabibi, 16 Juni 1957

Chelagat,

Sisi wazima. Daraja lilichukuliwa na maji, ndiyo sababu nimekaa kimya. Hapana. Wiki moja ilikuwa daraja. Wiki mbili zilikuwa mimi.

Dalmas, andika, na usipunguze neno.

Uliposema doa halijasogea, nilicheza hapa bandani mpaka kilemba kikaanguka ndani ya ndoo. Bwana mwenye shamba akauliza ni sherehe gani, nikamwambia tumeshinda vita. Wewe umemponya mgonjwa kwa mikono yako, na mimi niko mbali, mwendo wa siku nzima kwa trekta. Hakuna binti mwingine Ndabibi hii yote aliyewahi kufanya hivyo. Kwanza ujue hilo.

Sasa la pili. "Ni afadhali hivyo kwa kila mtu." Kila mtu ni nani? Huko kwenu mko wewe na mpishi na mbwa. Kila mtu ni mimi.

Nilikuuliza maswali mengi kuhusu jani, ukayajibu yote, hata ya kupe. Swali la pua hukulijibu. Mtu anayegandisha nyasi kwa ugali hasahau swali. Ulinusa. Lile jani lilinuka kibuyu kilichoachwa bila kuoshwa. Ulijua, ukanifunika shuka kama mtu anayemfunika mlevi njiani.

Ni maziwa. Ni mimi niliyekuambia uyamwage ndani ya moyo wake kila jioni, mwezi mzima, halafu dirisha likifungwa yanalala humo, yanachacha humo. Sisi tunabariki ng'ombe, naye hujitikisa, analambwa, jua linamkausha. Mmea wa watu hauna ulimi. Nilijua mimi kwamba wale wa Eburu wanakaushwa na upepo. Nilijua, na bado mdomo wangu ulikimbia mbele yangu. Nilipolinusa lile jani nilijua palepale, na nikakutumia makaa na kukwambia usiniulize. Nimekula chumvi nyingi, lakini siku ile nilikuwa mwoga kama kuku.

Wewe usiwe. Memsabu akirudi, mwambie: ni maziwa, niliyaweka mimi, nyanya yangu ndiye aliyeniagiza, na hivi ndivyo tulivyomponya. Ukisema ni baridi, mwakani atalihamisha karibu na jiko, na ua litakufa kwa dawa ya ugonjwa ambao halikuwa nao. Na huko hospitali itakuwaje? Nesi anayemwogopa nyanya yake atamwogopa na daktari, na mgonjwa atafia katikati ya heshima zao.

Inawezekana usipate hiyo barua ya shule. Nimelifikiria hilo wiki mbili, nikiwa na ng'ombe. Ukiikosa, nitakuja Lanet mwenyewe, nipande hiyo treni ninayoiogopa, nimwambie Memsabu kwa Kiswahili changu hiki hiki. Lakini usiseme baridi.

Nakushika mikono yote miwili.
Chepkurui


Lanet, 21 Julai 1957

Kogo wangu,

Natumaini barua hii inawakuta mkiwa na nguvu, na mama, na Kipkoech, na ndama. Keti kwanza. Dalmas, mwambie aketi.

Memsabu alifika tarehe kumi na nne. Hata kofia hakuvua. Alikwenda moja kwa moja dirishani. Akahesabu. "Yalikuwa sita," akasema. Mzee Gachanja alikuwa nyuma yangu na trei ya chai, akanong'ona, "Baridi, sema baridi."

Nikasema ni maziwa.

Kogo, alikuwa mwekundu kama tofali. Aliuliza maziwa gani, nani, kwa nini, na kila nikijibu jibu lilizidi kuwa baya. Akasema, "Nilikuamini." Neno hilo lilinikata kuliko kisu. Nikakimbia chumbani kwangu, nikaleta daftari na barua zako zote, nikaweka juu ya meza yake. Nikamwambia, hapa kuna kila siku ya ugonjwa, na hapa kuna daktari.

Akakaa, bado na kofia. Kiswahili anakisoma polepole, anafuata kwa kidole. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Alipofika kwenye mbwa anayelala kitandani alinyanyua macho akanitazama, na nikajua sasa nimekwisha. Akarudi kusoma. Akapima nyasi zangu moja moja. Aliposoma ile barua yako ya mwezi wa sita aliisoma mara mbili, kisha akavua kofia.

Akaenda kwenye ua, akalichungulia karibu sana. Akaniita. Pembeni, chini ya yale majani mawili, kumetoka kitu kidogo cha kijani kilichochongoka, kama ulimi wa ndama anapozaliwa. Mimi sikuwa nimekiona, kwa hofu! Ni jani jipya, Kogo!

Sasa sikia. Alikaa kuandika ile barua kwa mkuu wa shule. Akaandika mistari miwili, akaichana. Akaandika tena, akaichana. Halafu akachukua barua zako na daftari langu, akavifunga vyote kwa utepe, akaweka karatasi moja juu iliyosema: "Mimi sina la kuongeza. Someni hizi." Jana jibu lilikuja. Naanza tarehe mbili Septemba! Mkuu ameuliza swali moja tu: ni nani aliyemfundisha nyanya yangu kupima kwa unyasi?

Ile barua ya shule uliiandika wewe, Kogo.

Memsabu anakusalimu. Anasema mbwa ataendelea kulala kitandani.

Mjukuu wako, nesi (bado, lakini acha niandike hivyo mara moja),
Chelagat


Ndabibi, 4 Agosti 1957

Nesi Chelagat,

Nimeandika mara moja na mimi, inatosha, usivimbe kichwa.

Huku hakuna mzima hata mmoja, wote sauti zimekauka kwa kupiga vigelegele. Mnyapara alitutukana mwanzo, halafu akauliza kuna nini, halafu akaenda kumleta mkewe. Mama yako amelia tangu Jumanne. Baba yako mdogo alikuja, nikamwagiza Dalmas amsomee barua yako kuanzia juu, na alipofika kwenye tarehe mbili Septemba akasema ana ng'ombe wa kutazama, akaenda zake.

Kwa hivyo karatasi zangu ziko kwa mkuu wa shule. Mimi, nisiyejua hata herufi ya kwanza inatazama upande gani! Dalmas anataka ijulikane kwamba mwandiko ni wake. Haya, Dalmas, mwandiko wako ni mzuri, futa machozi, unalowesha karatasi.

Mwambie Memsabu nimepokea salamu. Habari ya mbwa siirudishi.

Nakutumia makaa ya senetwet, mfuko mzima, na kibuyu kidogo ukumbuke nyumbani. Siku utakayovaa ile nguo nyeupe na kuletewa mtu wako wa kwanza, mtazame, mguse, umnuse, umpime. Ukikosea, sema umekosea kabla jua halijazama, usifanye wiki mbili kama mtu mmoja ninayemjua.

Na maziwa, mpe kwenye kikombe. Usimnyunyizie.

Nyanya yako,
Chepkurui